Mazoezi ya nguvu kwa wanawake: mikono imara bila mwili kujaa misuli

Mwanamke anayeteka maji kisimani Ganze au kwenye kioski mjini Mariakani hujitwika mtungi wa lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo anabeba kilo 20 bila kuhesabu mtungi wenyewe. Huenda akafanya hivyo mara tatu kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na hakuna jirani anayemwambia kwamba amegeuka mtunisha misuli. Lakini mwanamke huyo huyo, akipewa chuma cha kilo tano kwenye ukumbi wa mazoezi, mara nyingi hukirudisha chini. Hofu yake ni kwamba mabega yatapanuka, mikono itatuna na ataonekana kama mwanamume.

Hofu hiyo imewaweka wanawake wengi mbali na aina ya mazoezi ambayo miili yao inayahitaji zaidi kadiri umri unavyosonga. Makala haya yanaeleza kwa nini haina msingi, na jinsi mkazi wa kaunti anavyoweza kuimarisha mikono, mabega na mgongo akiwa nyumbani kwake.

Kwa nini mwili wa mwanamke haujai misuli ovyo

Ili misuli ikue sana, mambo matatu hukutana: mzigo mzito unaoongezwa kila mara, chakula kingi, na homoni. Homoni inayochangia zaidi ni testosteroni. Wanawake pia wanayo, lakini kiwango cha mwanamume mzima kwa kawaida ni zaidi ya mara 10 ya kile cha mwanamke. Kuanzia wakati wa kubalehe, homoni hiyo huwapa wanaume misuli mingi zaidi, hasa kifuani, mabegani na mikononi.

Ndiyo maana nguvu za sehemu ya juu ya mwili wa mwanamke, kwa wastani, ni kama nusu ya zile za mwanamume, ilhali tofauti ya nguvu za miguu ni ndogo. Mwanamke anayeshindwa kupiga pushapu hata moja siku ya kwanza si mvivu. Anaanzia chini, na kwa hivyo ana sababu zaidi ya kuifanyia kazi sehemu hiyo.

Wanawake wanaoonekana kwenye mashindano ya kutunisha misuli wamefanya mazoezi makali kwa miaka mingi, wakapima kila mlo, na baadhi yao wametumia dawa za homoni. Mwili wa namna hiyo haupatikani kwa bahati mbaya, wala hauji kwa mazoezi ya nusu saa mara mbili kwa wiki. Mabadiliko huja polepole, na anayeona amefika anapopataka anaweza kuacha kuongeza uzito wakati wowote.

Kinachobadilika mwilini

Katika wiki nne hadi sita za kwanza, mwanamke huona nguvu zikiongezeka ingawa mkono haujabadilika umbo. Sababu ni kwamba ubongo na neva zinajifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo tangu zamani. Baada ya hapo nyuzi za misuli huanza kunenepa kidogo kidogo, kwa miezi.

Ule mstari wa bega na mkono ambao wengi wanautamani huonekana misuli ikiwa imara na mafuta yaliyoifunika yakiwa machache. Hapa kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kudhani kwamba mazoezi ya mkono huyeyusha mafuta ya mkono peke yake. Mwili hupunguza mafuta kwa mpango wake wenyewe, kutokana na chakula na shughuli za mwili mzima. La pili ni kuamini kwamba mtu akiacha mazoezi, misuli hugeuka mafuta. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kugeuka kuwa kingine.

Suala si urembo pekee

Kuanzia karibu miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila baada ya miaka 10, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua na mifupa hudhoofika kwa kasi. Mama anayejikwaa uani na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga huenda asirudi tena shambani au sokoni. Misuli inapovuta mfupa wakati wa kunyanyua uzito, mfupa nao hupata sababu ya kubaki imara.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama vile kutembea kwa kasi.

Je, kazi za nyumbani hazitoshi?

Kuteka maji, kutwanga kwa mchi na kulima kwa jembe ni kazi za nguvu, na wanaozifanya wana msingi mzuri. Hata hivyo, mwili huzoea. Mtungi wa lita 20 ni ule ule leo na mwaka ujao, kwa hivyo misuli haina sababu ya kuongeza nguvu. Pia kazi hizi hurudia mwendo mmoja na mara nyingi huelemea upande mmoja, hadi kiuno na shingo vikaanza kuuma. Mazoezi yaliyopangwa hugusa misuli ya mbele na ya nyuma, kulia na kushoto, na uzito huongezwa kwa hatua.

Kwa upande mwingine, wapo wanawake wanaokaa dukani au ofisini siku nzima. Hao wanahitaji kuanza na uzito mdogo zaidi.

Mazoezi matano ya nyumbani

Vifaa ni mtungi wa lita 5, chupa mbili za lita moja zilizojazwa mchanga (kila moja huwa na kilo moja na nusu hivi), ukuta na kiti imara. Anayevaa dera anaweza kulifunga kwa leso kiunoni ili lisimkwaze. Anza kwa kutembea au kuzungusha mikono kwa dakika tano ili mwili upate joto.

1. Pushapu za ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, kisha sukuma. Zikiwa rahisi, hamia kwenye meza imara, halafu sakafuni kwa magoti, na mwishowe kwa vidole vya miguu.

2. Kuvuta mtungi. Shika kiti kwa mkono mmoja, inama ukikunjia nyongani mgongo ukiwa umenyooka, na uvute mtungi kutoka chini hadi ubavuni. Badilisha mkono. Zoezi hili hujenga mgongo na nyuma ya mabega.

3. Kusukuma chupa juu. Anza na chupa usawa wa mabega, zisukume juu ya kichwa bila kupinda kiuno, na uzishushe polepole.

4. Kukunja viwiko. Simama wima, viwiko vikiwa karibu na mbavu, na upandishe chupa hadi mabegani.

5. Kubeba na kutembea. Shika uzito sawa kila mkono, kwa mfano mitungi miwili ya lita 5, na utembee hatua 20 hadi 30 ukiwa umenyooka, mabega yakiwa chini.

Katika mazoezi manne ya kwanza, rudia kila moja mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya tena hadi mizunguko miwili au mitatu. La tano hupimwa kwa hatua. Fanya hivyo siku mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, ili misuli ipate siku ya kupumzika katikati. Pumua nje unaposukuma au kuvuta, usizuie pumzi.

Mara mbili za mwisho zinafaa kuwa ngumu. Kuchagua uzito mwepesi mno na kurudia mara 50 kwa kuogopa kutuna hujenga zaidi ustahimilivu, na nguvu huongezeka kidogo tu. Ukifikisha mara 12 bila taabu, ongeza uzito. Hapa mtungi una faida ambayo chuma hakina, kwani unaweza kuanza na lita mbili na kuongeza kikombe kimoja kimoja.

Chakula cha kujenga misuli

Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 72 na 96 kwa siku. Yai moja lina karibu gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva gramu 15, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya gramu 20. Mbaazi, kunde, ndengu, njugu na omena pia husaidia. Si lazima kununua unga wa protini wa bei ghali. Mwenye ugonjwa wa figo aulize mhudumu wa afya kabla ya kuongeza protini.

Tahadhari

Jiepushe na vidonge na sindano zinazouzwa mitaani au mitandaoni kwa ahadi ya kubadilisha umbo haraka. Steroidi za kujenga misuli zinaweza kuvuruga hedhi, kuotesha ndevu na kuifanya sauti iwe nzito, na sauti hiyo huenda isirudi tena hata dawa zikiachwa. Yale ambayo wanawake wanayaogopa kwenye vyuma, kwa kweli yanatoka kwenye dawa hizi.

Wafuatao wapate ushauri katika zahanati au kituo cha afya kabla ya kuanza: wajawazito, waliojifungua hivi karibuni (hasa kwa upasuaji), wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na waliowahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, maumivu ya kifua au kizunguzungu si kawaida. Acha mazoezi na utafute matibabu mara moja.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wana mashine ya kupima shinikizo la damu, na mkazi anaweza kuomba kupimwa kabla ya kuanza. Mwenye maumivu ya bega, shingo au mgongo yasiyoisha aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi au Hospitali ya Malindi.