Khidma Kwanza, Cheo Baadaye: Chimbuko la Uongozi wa Elimu Unguja

Uongozi wa elimu Unguja ulizaliwa katika khidma. Kabla ya kuwapo barua za uteuzi na ofisi za elimu, mtu alihesabiwa kuwa mkubwa wa masomo pale jirani zake walipoona kwamba amewasomesha watoto wao kwa miaka, amewazikia maiti wao, na mlango wake haufungwi kwa mwenye shida. Cheo, kama kilikuja, kilikuja mwisho. Mila ya namna hii ipo pia Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, ambako kijana hutumikia wakubwa wa ukoo wake kwa miaka mingi ndipo ukoo umkabidhi jina la umatai, yaani ukuu wa familia.

Hapa Unguja mafunzo yenyewe yalianzia katika chuo cha Kurani. Mtoto alikaa jamvini na ubao wake, akaanza na herufi, akapanda juzuu baada ya juzuu hadi kuhitimu. Mwalimu mmoja hakuweza kuwasikiliza watoto wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila aliyetangulia alipewa wadogo wa kuwasomesha. Mvulana wa miaka kumi na miwili alikaa kitako na mwenzake wa miaka sita, akamfuatisha herufi kwa kijiti, akamrejesha nyuma kila alipoteleza, na huku zamu yake mwenyewe ya kusoma mbele ya mwalimu bado haijafika. Ada ilikuwa ndogo, mara nyingi ikitolewa Alhamisi, na asiyekuwa nayo hakufukuzwa. Ni kweli wapo walimu waliowageuza watoto vibarua wa mashamba yao, na jambo hilo halifai kufunikwa kwa jina la adabu. Lakini mtoto aliyemsubiri mwenzake mpaka akaelewa alikuwa amekwishaonja kazi ya ualimu kabla ya kuota ndevu.

Daraja iliyofuata ilikuwa darsa, yaani kusoma vitabu vya dini mbele ya sheikh, na hapo Mji Mkongwe ulipata sifa iliyovuka bahari. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu miaka ya 1860, alihamia Unguja na kusomesha mtaa wa Ukutani, katika madrasa ambayo mpaka leo inajulikana kwa jina lake. Wanafunzi walimfuata kutoka Lamu, Ngazija na pwani ya bara. Hakuwa kadhi, wala hakushika ofisi ya serikali, lakini Waislamu wa Cape Town walipogombana mambo ya dini, yeye ndiye aliyepelekwa kwenda kuwasuluhisha. Rafiki yake, Sayyid Ahmad bin Sumait, alikuwa kadhi wa Sultani na mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake hapa visiwani, na ukadhi haukumtoa katika kusomesha. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Aliyesoma kwao hakuwa mwalimu kwa kujitangaza: alisoma kitabu mbele ya sheikh, neno kwa neno, na siku sheikh aliporidhika ndipo alipompa ijaza ya kusomesha.

Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuta kwamba nayo lazima iaminiwe kwanza. Majengo yalikuwapo, lakini wazazi wengi waliwazuia watoto mpaka Kurani ilipoingizwa katika ratiba na walimu wa vyuo wakaletwa darasani. Mzazi alimfuata mtu anayemjua. Skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini mwaka 1927 mtihani ulikuwa mkali zaidi, maana walimu wanawake wa mwanzo walilazimika kwanza kuaminiwa na familia ndipo wapewe mabinti.

Aliyeunganisha njia hizo mbili, ya darsa na ya skuli, vizuri zaidi ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Alikulia katika darsa za mji, akasomea ualimu, akafundisha skuli za msingi kwa miaka mingi, kisha akawa mkaguzi wa skuli. Ukadhi wa Zanzibar aliupata mwaka 1960, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1969, na ndani yake inasikika sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza: anaeleza, anarudia, hataki msomaji wa kawaida aachwe nyuma.

Baada ya Mapinduzi, elimu ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964 kuwa bure kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Dola ilichukua mzigo ambao awali ulibebwa na mitaa, na hilo ni jema lisilo na mjadala. Hata hivyo khidma haikufa. Vijiji vya shamba vimeendelea kufyatua matofali na kupandisha kuta za madarasa kwa nguvu za wananchi, serikali ikija kumalizia kwa kuezeka. Mwaka 1990 ulifika Zanzibar mpango wa skuli za maandalizi ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi. Swafiya Said na msaada wa Mfuko wa Aga Khan. Kijiji kilitoa mahali na kuunda kamati, kisha kikachagua wasichana wake wenyewe wapelekwe mafunzo ya ualimu. Wanawake ambao hapo awali hawakuwa na sauti katika mikutano ya kijiji walijikuta wakiongoza skuli, kwa sababu kila mzazi aliona kazi yao kwa macho yake.

Hatari ya leo ni kuligeuza neno kujitolea kuwa kisingizio. Mwalimu kijana anayefundisha mwaka baada ya mwaka bila ya mshahara anadhulumiwa, hata akisifiwa vipi. Khidma ya zamani ilikuwa na malipo yake: chakula, heshima, na jamii iliyomwangalia mwalimu alipougua. Anayedai utumishi wa watu lazima naye awatumikie. Kwa upande wa pili, vyeti na miaka kazini pekee havitoshi kumpa mtu ukuu wa skuli. Wizara inapoteua mwalimu mkuu, ziulizwe pia kamati za skuli na wazazi wa pale alipotoka, kwani wao ndio wanaojua nani alibaki jioni na watoto waliokuwa wakishindwa kusoma.