Mechi ya watani inakuja, dawa za presha zisibaki mezani

Wiki ya kuelekea mechi ya Simba na Yanga huwa naitambua kliniki kabla sijasoma gazeti. Kwenye benchi la wagonjwa wa presha na sukari hapa Mpwapwa, mazungumzo ya magoti na bei ya mahindi yanakoma. Mzee mmoja anauliza nani atacheza beki ya kushoto, mwingine anamjibu kwa kejeli, na nikiwaita ndani kuwapima nakuta namba zimepanda kuliko mwezi uliopita. Nikiuliza kama wanalala vizuri, wanacheka. Mimi nami nina timu yangu, ila sitaitaja. Nusu ya wagonjwa wangu wangehama kliniki.

Kwenye ratiba ya ligi mmoja wa watani ni mwenyeji na mwingine ni mgeni, ingawa kwa miaka mingi wote wawili wamekutana Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwa shabiki wa Mpwapwa, kila mechi ya watani ni ya ugenini. Anatoka hapa alfajiri, anapita Kongwa hadi Mbande, kisha Kibaigwa, Gairo, Morogoro na Chalinze, anafika Dar es Salaam amechoka, na kazi ya kushangilia bado haijaanza.

Baba yangu ni mmoja wao. Ni mwalimu mstaafu, Yanga lialia, na anatumia dawa tatu za presha. Machi mwaka 2025 watani walipangiwa kucheza Jumamosi ya tarehe 8. Alhamisi jioni nilipita nyumbani nikamkuta anapanga begi: jezi, skafu, tochi, chapati zilizofungwa kwenye gazeti.

"Baba, dawa ziko wapi?"

"Zipo mezani, mama. Nitameza nikirudi."

"Jumapili?"

"Sasa mama, ile moja inanipeleka haja ndogo kila baada ya nusu saa. Unataka dereva asimame kila kijiji mpaka abiria wanishushe?"

Hakuwa anatania. Moja ya dawa zinazotumika sana kwa presha huondoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, na mtu aliyekaa kwenye basi hawezi kuamua gari lisimame lini kuchimba dawa. Tatizo ni kwamba, ili kukwepa kidonge kimoja, aliacha vyote vitatu. Haya nayaona kila msimu. Wapo pia wanaoacha kwa sababu nyingine, wasioisema mpaka uwabane: hela ya dawa za mwezi imekwenda kwenye nauli na jezi.

Kati ya dawa za baba ipo atenololi, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Ukiikatisha ghafla, moyo uliozoea kushikwa breki unaachiwa mteremkoni. Hiyo si dawa ya kuacha siku yoyote bila kumwuliza daktari, na siku mbaya kuliko zote ni ile utakayopiga kelele kwa dakika tisini.

Maana msisimko ule si wa kichwani tu. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mishipa inajikaza, na damu inakuwa nyepesi kuganda. Kijana mwenye mishipa mizima atatoka jasho na kulala vizuri. Kwa mwenye mishipa iliyojaa mafuta, utando ule wa mafuta unaweza kupasuka, damu ikagandia hapo, na sehemu ya moyo ikakosa damu.

Madaktari wa Munich, Ujerumani, walihesabu dharura za moyo wakati wa Kombe la Dunia la 2006 lililochezwa nchini mwao. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilizidi mara tatu, na wengi waliugua ndani ya saa mbili tangu mpira uanze. Karibu nusu yao walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Uingereza nako, timu yao ilipotolewa na Argentina kwa penalti Juni 30, 1998, waliolazwa kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata. Hao walikuwa na televisheni majumbani na magari ya wagonjwa karibu. Hawakuwa wamekaa kwenye basi siku nzima.

Sasa niwaambie kuhusu mtu mmoja, niliyebadilisha mambo machache ili asitambulike. Ni mkulima wa miaka hamsini na kitu, Simba, ana presha na anavuta sigara. Juni 25, 2025 alikwenda kibanda umiza kuangalia watani. Kipindi cha pili kifua kikaanza kumbana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakapanda hadi taya na mkono wa kushoto, jasho la baridi likamtoka. Wenzake wakasema ni gesi, wakamnunulia soda. Yeye mwenyewe alisema ni vidonda vya tumbo. Akasubiri mpira uishe, kisha akasubiri kukuche. Aliletwa kwangu asubuhi, kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili waliomshikilia.

Yuko hai. Lakini sehemu ya moyo iliyokaa bila damu usiku kucha haikurudi. Akipanda kilima kidogo anahema, na shamba sasa wanalima wanawe. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, na hospitali kubwa zina uwezo wa kuuzibua mshipa, ila kila saa inayopita inapunguza kinachoweza kuokolewa. Mpira ulikuwa umebakiza chini ya nusu saa. Ndizo alizoshindwa kuziacha.

Kwa hiyo maumivu ya kifua yanayozidi dakika chache, hasa yakiwa na jasho la baridi, kichefuchefu au kuishiwa pumzi, yachukuliwe kuwa ni moyo mpaka tupime. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawapati maumivu yoyote, wanachoka tu ghafla na kukosa hewa. Njiani kwenda hospitali mgonjwa atafune aspirini ya miligramu 300, kama hana mzio nayo na hana historia ya kutokwa damu tumboni. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho ni kiharusi. Usimpe aspirini wala kitu chochote cha kumeza. Mkimbize hospitali.

Nilichomfanyia baba siku ile ni kitu ambacho daktari wako naye anaweza kukufanyia. Kile kidonge cha kukojosha tulikihamisha: siku ya safari akimeze mchana akishafika alikofikia, choo kikiwa karibu. Vile viwili vingine vibaki saa zake zilezile. Dawa zote kwenye mfuko wa mkononi pamoja na kadi ya kliniki, zisiwekwe kwenye buti la basi, kwani kule joto ni kali na insulini huharibika. Anywe maji, na basi likisimama ashuke atembee, kwa sababu miguu iliyokunjwa siku nzima huweza kugandisha damu. Nyama choma yenye chumvi nyingi, konyagi na sigara nilimkataza. Najua alinisikia nusu. Na nikikupima siku mbili kabla nikakuta 180 kwa 110 au zaidi, au kama ulipata shambulio la moyo wiki chache zilizopita, nitakuambia mechi hii uisikilize ukiwa nyumbani.

Wazazi nao. Mtoto mwenye selimundu asipandishwe basi la usiku bila sweta na maji, maana baridi na kiu humwamshia maumivu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na kibanda chenye moshi wa sigara si mahali pake. Kijana wa chuo anayeomba nauli, mwulize pia anakunywa nini. Makopo matatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu, na usiku mzima hajalala, humfanya moyo umdunde hadi akimbizwe kwetu akidhani anakufa.

Baba alifika Dar salama, na mechi ikaahirishwa siku ileile. Mashabiki waliotoka mikoani wakabaki wamekaa na jezi zao. Alirudi Jumapili amenuna, dawa amemeza zote.

Ilipochezwa Juni, alibaki sebuleni kwake. Yanga ikashinda 2-0. Alinipigia simu akipiga kelele hata sikuelewa neno. Nikamwuliza kama amemeza dawa ya jioni, akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga tena.

"Nimemeza, mama. Sasa niache nishangilie."