Bei ya Dhahabu ya Macalder

Ukifika Macalder, katika Kaunti ya Migori, vinu vya kusagia mawe ndivyo vitakavyokupokea kwa kishindo. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliokuwapo hapa ulifungwa mwaka 1966, lakini wananchi hawakuacha kuchimba. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, akina mama hutia zebaki katika karai na kuikoroga kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, zikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hutoka kama mvuke, dhahabu ikabaki.

Je, msomaji, zebaki hiyo hutoka wapi? Kwa karne nyingi dunia iliutegemea mgodi wa Almadén, Hispania, ambao uliacha kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuiuza nje mwaka 2011, nayo Marekani ikafuata mwaka 2013. Mtu angedhani biashara imekwisha. La! Bei ya dhahabu imepanda, na wachimbaji wadogo ndio watumiaji wakubwa wa zebaki duniani. Penye mnunuzi hapakosi muuzaji: mlango wa mbele ulipofungwa, zebaki ilipitia wa nyuma.

Anayelipa ni nani? Kwanza ni mama yule anayevuta mvuke usio na harufu, unaodhuru ubongo na figo. Kisha ni mtoto aliye tumboni. Zebaki ikiingia mitoni na ziwani, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo hukusanyika katika samaki. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1956, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto vilema.

Mji huo ndio uliotoa jina la Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Kenya imeuridhia. Mkataba unataka nchi zikomeshe kuchoma donge hadharani na katika makazi ya watu. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Kinaokoa mapafu, kinaokoa na fedha, maana zebaki hutumika tena.

Basi wewe wa mjini unayechagua pete ya arusi, usiulize uzito wake tu. Uliza pia ilichomwa katika jiko la nani.