Kwa Nini Mwezi wa Vuli Huwahi Kuchomoza

Septemba au mapema Oktoba, joto la kiangazi linapopungua Japani, familia nyingi hutoka jioni kuutazama mwezi mpevu. Desturi hiyo huitwa tsukimi, na usiku wake mkuu ni wa 15 wa mwezi wa nane kwa kalenda ya kale. Nyumba za jadi zina engawa, ukumbi wa mbao chini ya upenu, unaoelekea bustani kama baraza linavyoelekea njia. Hapo huwekwa chombo chenye mashuke meupe ya nyasi za susuki, vidonge vya unga wa mchele vilivyopangwa juu kwa juu, na majimbi yaliyochemshwa, kwa kuwa ndiyo yanayovunwa wakati huo. Mjini Kyoto, kasri la Katsura, lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 17, lina jukwaa la mianzi lililotokeza kuelekea bwawa la bustani, mahususi kwa kutazamia mwezi.

Kuna sababu ya kiastronomia iliyoyafanya majira haya yapendwe. Kila siku mwezi husogea takriban nyuzi 13 kuelekea mashariki, kwa hiyo dunia hulazimika kuzunguka zaidi kidogo kabla hatujauona tena. Kwa wastani huchelewa dakika 50 kila siku. Lakini huo ni wastani tu. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na kwa ajili hiyo njia ya mwezi angani hubadili mwinamo wake kwa majira. Jioni za vuli, katika nchi za kaskazini, njia hiyo hulala karibu sambamba na upeo wa macho wa mashariki. Hatua ya siku moja huupeleka mwezi zaidi upande wa kaskazini kuliko kuuzamisha chini ya upeo. Matokeo yake, huko Kyoto au Tokyo mwezi wa vuli huchelewa takriban nusu saa tu, jioni kadhaa mfululizo. Mwezi Machi njia hiyohiyo husimama wima zaidi, na mpevu huchelewa zaidi ya saa moja.

Wajapani wa kale waliuingiza mwendo huu katika majina ya usiku. Mwezi wa usiku wa 17 ni wa kungojwa kwa kusimama, wa 18 ni wa kungojwa kwa kuketi, na wa 19 ni wa kungojwa kwa kujilaza. Wakulima wa Ulaya na Amerika Kaskazini nao waliuita mpevu wa majira hayo mwezi wa mavuno: jua likizama, mwanga wa mwezi uliwapa saa za ziada shambani, siku baada ya siku. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam hatuuoni mchezo huo, maana karibu na ikweta uchelewaji hauendi mbali na dakika 50 mwaka mzima.

Wengi huamini mwezi wa vuli ni mkubwa kuliko mingine. Unapochomoza nyuma ya miti huonekana mkubwa kweli, na mwekundu. Wekundu ni halisi: mwanga wake umepita katika hewa nyingi, na hewa imeutawanya ubuluu. Ukubwa ni wa akilini. Shika punje ya mbaazi kavu, nyoosha mkono, fumba jicho moja: punje itaufunika mwezi mzima ulioko mitini, na saa tano usiku itaufunika vilevile. Kwa hakika, unapochomoza uko mbali nasi zaidi kwa karibu kilomita 6,000 kuliko ukiwa utosini, kwa hiyo ni mdogo kidogo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika karne ya 11 kwamba vitu vilivyo kati yetu na upeo ndivyo vinavyoifanya akili ikadirie vibaya.

Bustani yenyewe nayo hubadilika. Higanbana, ua jekundu linalochanua Japani siku ambazo mchana na usiku hulingana, mchana huwaka kama makaa. Chini ya mbalamwezi huwa jeusi, ilhali mashuke ya susuki hung'aa. Mwezi mpevu una mwanga hafifu kuliko jua karibu mara 400,000, na katika mwanga huo seli za jicho zinazotambua rangi hulegea. Zinazobaki kazini ni zile za gizani, ambazo haziuhisi wekundu. Mcheki Jan Purkyně aliieleza hali hiyo mapema karne ya 19.

Usoni pa mwezi, Wajapani huona sungura akitwanga mchele kinuni. Umbo hilo ni tambarare za lava nyeusi, nyingi zikiwa na umri unaozidi miaka bilioni 3. Kichwa cha sungura ni tambarare iitwayo Bahari ya Utulivu, ambako chombo cha Apollo 11 kilitua tarehe 20 Julai 1969. Lakini mpevu hauonyeshi mabonde vizuri, kwa sababu jua huumulika uso wote kwa mbele na vivuli hutoweka. Pengine ndiyo faida ya desturi nyingine ya Japani: takriban mwezi mmoja baadaye hutazamwa tena mwezi wa usiku wa 13, ambao haujajaa. Ukingoni mwake, panapokutana mwanga na giza, vivuli virefu huyachora mashimo na milima.

Basi anayetaka kuujua mwezi asiishie usiku mmoja. Siku mbili kabla ya mpevu achukue darubini ya mkononi atazame ukingo huo. Usiku wa mpevu achunguze rangi za maua. Jioni tatu zinazofuata aandike saa ya kuchomoza. Wa Kyoto atapata nusu saa, wa Tanga dakika 50, na katika tofauti hiyo kila mmoja atakuwa ameupima, kwa saa ya mkononi tu, mwinamo wa dunia anayoikanyaga.