Usimwite mtoro, muulize kwanza

Tuseme wewe ni mvuvi wa omena katika ufuo wa Sori, Kaunti ya Migori. Unaishi na virusi vya Ukimwi na kila siku unameza dawa. Kadi yako ya kliniki inasema urudi Jumanne. Lakini omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na giza la mwezi halimngojei mtu. Samaki wamehamia upande wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, nawe umewafuata. Unaporudi baada ya wiki mbili, mhudumu anafungua faili na kukuuliza kwa ukali: "Mzee, mbona umekuwa mtoro?"

Utamjibu nini? Aghalabu mtu husema, "Samahani daktari, nilikuwa matangani," kisha akanyamaza. Hasemi kwamba dawa zilimwishia zamani, wala kwamba aliziacha nyumbani ili wenzake mashuani wasizione. Mhudumu naye huandika alichoambiwa, na matibabu ya mtu huyo yanajengwa juu ya uongo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Ni kweli. Hata hivyo, ni vyema kujiuliza ni nani aliyemfanya afiche.

Ugonjwa usiokwisha

Jambo hili si dogo katika kaunti hizi mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 katika Migori. Kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9.

Zamani kupatikana na virusi kulikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi. Mwaka 2001, shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, na walioandaliwa mazishi wakarudi shambani. Tangu hapo Ukimwi umejiunga na kisukari, shinikizo la damu na selimundu, maradhi ambayo mtu huishi nayo miaka na mikaka. Mgonjwa na mhudumu wake sasa hawakutani mara moja tu. Watatazamana maisha yote, na wasipoelewana, dawa nzuri itaozea kabatini.

Neno moja, maana mbili

Chukua mfano wa maneno "virusi havionekani." Kwa mhudumu, maana yake ni kwamba virusi vimepungua hadi kipimo hakiwezi kuviona, na kwamba mtu akidumu hivyo kwa kumeza dawa hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mgonjwa anaweza kusikia jambo jingine kabisa: nimepona! Anatoa shukrani kanisani, anaweka dawa kando, na baada ya wiki chache virusi vinarudi.

Shinikizo la damu nalo lina mtego wake. Watu wa ziwani wameugua malaria tangu utotoni, na kila mara wakaambiwa wameze tembe hadi ziishe. Nyanya aliyefunzwa hivyo miaka sitini atamaliza pakiti ya dawa za shinikizo na kuamini kuwa amemaliza matibabu. Huyo si mkaidi, anafuata alilofundishwa.

Isitoshe, kuna chira, maradhi ya kukonda ambayo mila za Waluo huyahusisha na kuvunja miiko. Mhudumu akilicheka neno hilo, mgonjwa hatalitaja tena. Ataendelea kunywa mitishamba kwa siri, huku daktari akishangaa kwa nini dawa zake hazifanyi kazi.

Haki yako

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida na hatari zake. Aidha, inataka maelezo hayo, inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kulingana na kiwango chake cha elimu. Kwa hivyo ajuza wa Ndhiwa anayeomba aelezwe kwa Kijaluo haombi fadhila.

Ni kweli pia kwamba wahudumu wana mzigo. Foleni ni ndefu, na muuguzi aliyeona wagonjwa tangu alfajiri huchoka kama binadamu yeyote. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kati. Huko Lwala, karibu na Rongo, Migori, ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walifungua kliniki mwaka 2007 baada ya kufiwa na wazazi wao kwa Ukimwi. Wahudumu wa kijiji, wakiwemo waliokuwa wakunga wa jadi, huenda nyumba kwa nyumba. Mama anayemwogopa daktari hamwogopi jirani yake.

Ufanye nini?

Wewe mwanafunzi au mzazi wa mjini, huenda nyanya yako ni mmoja wa wagonjwa hawa. Ukimpeleka kliniki:

- Andikeni maswali matatu kabla ya kutoka nyumbani.
- Bebeni dawa zote, hata mitishamba.
- Arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe mbele ya mhudumu. Kosa litajulikana hapo hapo.
- Aseme mapema kama atasafiri. Mgonjwa aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa.

Nawe mhudumu, jaribu swali jingine. Badala ya "Mbona umekuwa mtoro?", muulize mvuvi, "Mwezi huu samaki walikuwa wapi?" Atakuambia walikuwa Mbita, na hapo mtapanga pamoja dawa zake azichukulie wapi safari ijayo.

Kuuliza si ujinga, kwa mgonjwa na kwa daktari vilevile.