Samadi ya Nguruwe: Mali Shambani, Madhara Mtoni

Katika jamaa nyingi za Likasi nguruwe ni akiba ya nyumba. Hula pumba na mabaki ya jikoni, hukua upesi, na siku ada ya shule inapodaiwa huuzwa, mtoto akarudi darasani. Basi hatuandiki leo ili kuwalaumu wafugaji. Twataka kuuliza swali moja tu: samadi yake huenda wapi?

Nguruwe mkubwa hutoa kilo kadhaa za kinyesi na mkojo kila siku. Mwenye nguruwe wawili na shamba la mahindi hana taabu: shamba humeza yote na kumshukuru kwa mavuno. Lakini mwenye nguruwe hamsini katika kiwanja cha mjini, asiye na shamba, ana mzigo asioweza kuutua. Huusukuma kwa maji mpaka mferejini, akidhani umekwisha. Haukwisha, umehama tu. Mvua za masika huuchukua mpaka visimani na mitoni.

Humo madhara ni mawili. Kwanza, nitrojeni ya samadi ikizama ardhini hugeuka naitreti, ambayo humnyima mtoto mchanga hewa katika damu yake akinyweshwa maji ya kisima hicho. Pili, samadi hurutubisha mwani wa majini. Nao ukifa na kuoza humaliza hewa ya maji, samaki wakafa.

Mito yetu imekwisha kuelemewa. Tangu siku mji huu ulipoitwa Jadotville, viwanda vya shaba vimemwaga takataka zao katika maji yanayoshuka mpaka Lufira na ziwa Tshangalele, lililotokea mwaka 1930 kwa boma la Mwadingusha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima samaki wa huko, wakakuta madini mazito miilini mwao. Je, yafaa kumtwika mgonjwa mzigo wa pili?

Tutazame nchi nyingine, tujifunze kabla hatujaumia. Huko North Carolina, Marekani, ufugaji wa nguruwe ulipokuwa wa kiwanda, samadi ilikusanywa katika mabwawa makubwa yaliyo wazi. Mwezi wa Juni 1995 ukingo wa bwawa moja ulipasuka, na karibu lita milioni 95 za uchafu zikaingia katika mto uitwao New River. Samaki wengi mno walikufa. Mwaka 1997 serikali ilisimamisha ujenzi wa mabwawa mapya ya namna hiyo, na mwaka 2007 ikaukataza kabisa. Lakini yale ya zamani yaliachwa, kwa maana kilichokwisha kujengwa ni kigumu kukibomoa. Hapo ndipo lilipo funzo letu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nchi za Ulaya zilishika njia nyingine. Mwaka 1991 zilipatana kwamba mahali maji yalipo hatarini, samadi itiwayo shambani isizidi kilo 170 za nitrojeni kwa hekta moja kila mwaka. Maana yake ni rahisi: wingi wa samadi ufuate ukubwa wa ardhi.

Nasi Likasi twaweza kuanza. Sakafu ya banda iwe ya saruji, yenye mteremko kuelekea shimo lililosakafiwa na kufunikwa, mbali na kisima. Kinyesi kichanganywe na majani makavu, kirundikwe na kugeuzwa mara kwa mara mpaka kioze vema. Kisha kitiwe shambani wakati wa kupanda, wala si mvua kubwa inapotisha. Asiye na shamba apatane na wakulima wa mboga: yeye aondokewe na uchafu, wao wapate mbolea.

Lakini bidii ya mtu mmoja haitoshi, ikiwa jirani yake aendelea kumwaga mferejini. Sheria ya nchi ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira yaweka wazi kwamba mwenye kuchafua ndiye agharimie. Basi wakuu wa mji na waandike mabanda makubwa, wapange umbali kati yake na visima, na wamwulize kila mwenye kuomba kibali: samadi utaipeleka wapi? Asiye na jibu apunguze mifugo.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Katika nyumba hiyo mto hauna ukuta. Tunachokimwaga hapa juu asubuhi, mama wa kule chini atakiteka jioni kwa ndoo yake, amnyweshe mwanawe. Mama huyo hatumjui kwa jina, wala hatusikii kilio cha mtoto wake. Lakini ni jirani yetu, naye Bwana alitupa amri moja juu ya jirani.