Kufungia adresi moja ni kufungia watu wangapi?



Swali limerudi tena katika kikundi chetu: "Niko na akaunti yangu, sijaharibu kitu, kwa nini Wikipedia inaniambia adresi yangu imefungiwa?" Ninaandika makala za Kiswahili pale, na lile tangazo ninalifahamu vizuri. Wengi wanafikiri wamechukiwa. Hapana. Mara nyingi wametumia namba moja na mtu wasiyemjua.

Adresi ya IP ni ile namba ambayo telefone au ordinatere inaonekana nayo kwenye intaneti. Namba za mtindo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hazitoshi. Njo maana kampuni za telefone zinaweka wateja wengi sana nyuma ya adresi moja ya nje. Kijana wa Kadutu anayeandika matusi na mwalimu wa Uvira anayesahihisha tarehe wanaweza kutokea mbele ya Wikipedia kama mutu mmoja. Angalia mipangilio ya telefone yako: kama adresi yake iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko katika hali hiyo. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu.

Jambo hili si la Kongo peke yetu. Mwanzoni mwa 2007, mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza alifungia adresi iliyokuwa inatoa uharibifu mwingi. Kumbe karibu nchi nzima ya Qatar ilikuwa inapitia adresi ile moja. Magazeti yakaandika kwamba Wikipedia imefukuza nchi. Kizuizi kiliondolewa haraka, lakini somo lilibaki: kabla ya kufungia, uliza kwanza namba hii ni ya nani. Rejista ziko wazi kwa kila mtu; kwa Afrika ni AFRINIC, na inaonyesha kama adresi ni ya shule, ya kampuni ya telefone, ao ya mashine inayokodishwa.

Siwalaumu wakabidhi. Mtu akifuta makala ya mji wako na kuweka matusi mara ishirini kwa saa moja, lazima afanyiwe kitu. Lakini kuna kufungia na kufungia.

Kizuizi chepesi kinagusa paka wale wasioingia na akaunti. Mwenye akaunti anaendelea na kazi yake kama kawaida. Kwa adresi ya watu wengi, mimi naona hicho ndicho kinatosha karibu kila mara, na kiwe kifupi: masaa, ao siku chache. Kizuizi kizito kinafunga wote, hata mwenye akaunti ya miaka kumi. Sasa fikirieni nani anaumia. Mharibifu anazima telefone, anaiwasha, anapewa adresi ingine, anaendelea. Mwalimu wa Uvira anasoma tangazo, anafunga ukurasa, harudi tena. Katika lugha yenye waandishi wachache kama yetu, kupoteza watatu wa namna hiyo ni hasara kubwa kuliko matusi ambayo mtu anayafuta kwa kubonyeza mara moja.

Tena kuna njia zisizogusa adresi hata kidogo. Kama anaharibu makala moja tu, ilinde makala ile kwa muda, ama umzuie kwenye ukurasa ule peke yake. Kama anarudia neno lile lile, weka kichujio kinachokataa neno hilo. Kwenye IPv6, adresi za mtindo mpya, mara nyingi mteja mmoja anapewa fungu zima linaloitwa /64. Hapo kufungia fungu ni kumpata yeye bila jirani zake. Lakini kufungia /16 ya IPv4 ni kushika adresi 65,536 kwa pigo moja, na nyuma ya kila moja kunaweza kuwa na umati.

Shida yetu kubwa siku hizi ni ingine. Wikipedia inafungia VPN na proksi za wazi, juu waharibifu wanajificha humo. Sawa. Ila wavu huo unakamata pia adresi za kampuni za telefone za Afrika, na wahariri wa bara letu, wa Ghana wakiwemo, walishalalamika wazi. Basi kabla ya kulia, zima kwanza VPN yako na ujaribu tena!

Wanaopanga mafunzo pia wasikie hili. Adresi moja inaruhusiwa kufungua akaunti 6 kwa siku. Nimeona ukumbi wa watu wengi kwenye wifi moja: sita wakapata, waliobaki wakakaa wanaangalia. Omba ruhusa ya kuongezewa siku nyingi mbele, ama kila mtu afungue akaunti nyumbani kwake.

Na wewe uliyefungiwa bila kosa, usifungue akaunti ya pili. Itakutia mashakani zaidi. Piga picha ya tangazo lote. Angalia jina la aliyefungia, sababu, mwisho wa kizuizi, na namba ya kizuizi. Kama kimewekwa kwenye wiki moja, andika kwenye ukurasa wako wa majadiliano na uombe haki ya kutoguswa na vizuizi vya IP. Kama ni cha wiki zote, ombi linaenda kwa wale wanaoitwa stiwadi, kwenye Meta. Eleza kwa sentensi mbili: unatumia telefone ya mtandao gani, na unaandika nini. Adresi yako usiiweke wazi mbele ya watu. Wenye wamekwama waniandikie pembeni, tutatunga ombi pamoja.